Nimecheza bolsi miaka 14. Kwa nini naambiwa nikasomee ukocha?

"Mwalimu, salaam. Nina miaka 58 na huu ni mwaka wa 14 nacheza bolsi, ule mchezo wa kuvingirisha matufe kwenye uwanja wa nyasi. Mara 3 nimekuwa bingwa wa klabu yetu katika mchezo wa mmoja kwa mmoja. Kocha wetu amestaafu na kamati imeniomba nishike nafasi yake. Nilikubali kwa furaha, kisha nikaambiwa kwamba kabla ya kukabidhiwa kundi la wanaoanza ni lazima nipitie kozi ya chama, rekodi zangu zichunguzwe kama nina makosa ya jinai, nifundishe saa kadhaa chini ya uangalizi, na mwisho aje mtathmini kunitazama. Kusema kweli nimeumia kidogo. Hao watakaonitahini, wengi wao nimeshawafunga. Shule niliacha mapema na makaratasi yananitia hofu. Goti langu la kulia halikunjiki vizuri, sasa nitawaonyeshaje wanafunzi? Halafu kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana nilimfundisha mama mmoja kwa wiki 6. Kila nilipomrekebisha alizidi kuharibikiwa, mwisho akaacha kuja. Je, cheti hiki kina maana gani hasa? Na mtu kama mimi hawezi kuruka daraja la kwanza akaanzia la pili?"

Salaam nawe, ndugu yangu, na asante kwa kuandika bila kuficha. Umeuliza kuhusu cheti, lakini mimi nitaanza na yule mama wa wiki 6, maana naona yeye ndiye kiini cha swali lako. Mtu asiyewajali wanafunzi hakumbuki nani aliacha kuja. Wewe unamkumbuka, tena baada ya mwaka mzima. Kwa macho yangu hilo linakustahilisha ukocha kuliko ubingwa wa mara 3.

Nikikusoma vizuri, una maumivu mawili yaliyoshikana. Moja ni la heshima: umeujua mchezo huu kwa jasho lako, na sasa unaambiwa ukakae darasani kama mgeni. Lingine ni hofu kwamba huenda kweli kufundisha hukuwezi, na mtathmini atakuja kuligundua hilo mbele za watu. Yote mawili yanatokana na dhana moja ambayo nimeikuta kwa wachezaji wengi wazuri, kwamba ithibati ya ukocha ni mtihani wa kupima unaijua bolsi kiasi gani. Sivyo. Bolsi unaijua, na hakuna atakayekubishia. Ithibati inapima kama unaweza kumtazama mtu mwingine akiachia tufe, ukaona kinachotokea, ukamwambia neno moja linalomfaa. Inapima pia kama mtu huyo yuko salama akiwa mikononi mwako. Ubingwa hautoi ushahidi wa lolote kati ya hayo.

Sasa tuone kwa nini mchezaji hodari anaweza kumharibu mwanagenzi bila kukusudia. Mwaka 1967 wanasaikolojia Paul Fitts na Michael Posner walieleza kwamba mtu anayejifunza ujuzi wa mwili hupita hatua tatu. Kwanza hufikiria kila kitu: mguu uko wapi, mkono uko wapi. Baadaye huanza kuunganisha vipande na makosa hupungua. Mwisho mwili hufanya wenyewe na akili hubaki huru kufikiria mambo mengine. Wewe upo hatua ya tatu zamani sana. Ukiingia kwenye mkeka, pale mchezaji anaposimama kuachia tufe, huwazi kiwiko, unawaza jeki, lile tufe dogo tunalolilenga, imekaa wapi na mpinzani ameacha mwanya gani. Tatizo ni kwamba ujuzi ukishazama mwilini namna hiyo, maneno yake hupotea. Unajua kufanya, hujui tena ulivyojua. Mwanafunzi akikuuliza unavutavuta kumbukumbu, unamjibu unachodhani unakifanya, na mara nyingi si hicho unachokifanya.

Chukua kasi ya uwanja. Sisi wachezaji tunasema uwanja huu ni "sekunde 11" na ule ni "sekunde 15", tukimaanisha muda ambao tufe hutumia tangu liachiwe mpaka lisimame mita 27 kutoka mstari wa mkeka. Mwanagenzi akisikia 15 huelewa kwamba uwanja ni mzito, kwa sababu tufe linachelewa kufika. Ni kinyume kabisa. Pale nyasi zinapolishika tufe lazima ulisukume kwa nguvu, kwa hiyo hufika upesi na kusimama. Pale ambapo nyasi ni fupi na udongo ni mgumu, wewe unaliachia polepole, nalo linakwenda, linakwenda, linatumia sekunde nyingi njiani. Na kwa kuwa linatembea taratibu kwa muda mrefu, mwelemeo wake, yaani tabia yake ya kupinda upande mmoja, unapata nafasi ya kufanya kazi, kwa hiyo linapinda zaidi na inabidi ulielekeze nje zaidi. Ndiyo maana mchezaji aliyezoea sekunde 10 hadi 12 za viwanja vya Uingereza hupata taabu siku za kwanza akienda Australia au New Zealand, ambako 14 na zaidi ni jambo la kawaida. Wewe unayajua yote haya kwa miguu na vidole. Ukimwambia mgeni "leo chukua nyasi zaidi" umemwambia kweli tupu, lakini yeye hakusikia chochote.

Na kwa kuwa nimeutaja mwelemeo, nikuombe jambo: ukianza kufundisha usiwaambie wanafunzi kwamba ndani ya tufe kuna madini ya risasi upande mmoja ya kulitia uzito. Bado nalisikia hilo likirithishwa viwanjani. Tufe la kisasa hupinda kwa sababu ya umbo lake, maana halikuchongwa mviringo kamili. Linapokwenda kasi halipindi sana; linapopunguza mwendo ndipo linapolalia upande wake. Mtu akilielewa hili kwa kuliona, hahitaji tena kukariri.

Turudi kwa yule mama. Unasema kila ulipomrekebisha aliharibikiwa zaidi. Nakuamini, na sidhani kwamba ulimwambia uongo. Nadhani ulimwambia mengi mno, na ulimwambia mapema mno. Kila baada ya tufe, neno. Wataalamu wa kujifunza mwendo wamelitazama jambo hili tangu miaka ya 1980, na wakaona kwamba mrejesho unaotolewa kila mara humsaidia mtu pale pale ukiwa umesimama naye, lakini humnyima nafasi ya kuisikiliza misuli yake mwenyewe. Ukiondoka, msaada unaondoka nao. Tena Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha katika tafiti nyingi kwamba mtu hufanya vizuri zaidi akiweka mawazo kwenye matokeo ya mwendo kuliko kwenye viungo vyake. "Pitisha tufe juu ya ile doa ya nyasi" humfaa kuliko "usipinde kiganja". Ukimtia mtu kiganja akilini, anaanza kukisimamia kiganja, na mkono wote unakakamaa.

Nami nilipita huko. Siku nilipotathminiwa mara ya kwanza nilikuwa na wanafunzi 6 na dakika 45. Nilieleza namna ya kushika tufe, namna ya kusimama, historia kidogo, adabu za uwanjani, na watu walitikisa vichwa kwa heshima. Nilimaliza nikijiona nimefanya kazi nzuri. Mtathmini alinigeuzia karatasi yake. Haikuwa na maneno. Ilikuwa na majina 6 na vijistari mbele ya kila jina, kijistari kimoja kwa kila tufe lililoachiwa. Aliyeachia mengi kuliko wote alikuwa na vijistari 7. "Dakika zilizobaki walikuwa wakikusikiliza wewe," akaniambia. Sikufaulu siku ile. Ni karatasi iliyonifundisha zaidi kuliko kozi nzima, na hakuna klabu ambayo ingenionyesha kitu kama hicho, kwa sababu klabuni wote tulikuwa marafiki.

Nikupe na lingine, maana huenda likakukumbusha yule mama wa wiki 6. Nilikuwa na mwanafunzi anayetumia mkono wa kulia, na kila alipocheza upande wa kulia tufe lake lilikata mbele ya jeki na kuishia kushoto. Wiki tatu nilimsumbua kwa bega na kwa kiganja. Asubuhi moja tuliingia uwanjani umande haujakauka, na kila tufe lilikuwa likiacha mstari mweusi nyuma yake kwenye ule weupe. Nikarudi nyuma ya mkeka kwa mara ya kwanza nikanyamaza. Mstari ulikuwa umeanza kuelekea moja kwa moja kwenye jeki tangu hatua ya kwanza. Nikashusha macho kwenye viatu vyake: ncha za vidole zilikuwa zikiitazama jeki. Mwili ulifuata miguu, mkono ukafuata mwili, na tufe halikuwahi kupewa nafasi ya kutoka nje na kurudi. Sikumwambia chochote kuhusu mkono. Nilimwomba asimame akiangalia kigingi cha pembeni, kisha aachie. Mkono wake haukuwa na kasoro yoyote tangu mwanzo.

Hicho ndicho kozi nzuri hukufundisha: usimame wapi ili uone. Nyuma ya mkeka unaona mstari na miguu. Kwa pembeni unaona urefu wa hatua na kama tufe linaachiwa chini au linadondoshwa. Kwa mbele unaona uso na tufe lenyewe, kama linayumba likivingirika. Linaloyumba mara nyingi ni kubwa kuliko mkono wa mtu. Mwambie alizungushie mikono miwili, vidole gumba vikutane na vidole vya kati vikutane. Visipofikiana, mpe dogo zaidi kabla hujagusa ufundi wake. Nimeona watu wakifundishwa miezi mingi kurekebisha kosa ambalo lingeondoka kwa kubadilisha tufe tu.

Kozi yenyewe ikoje? Inatofautiana nchi hadi nchi, lakini mifupa yake inafanana. Huwa na sehemu ya kusoma nyumbani, mara nyingi kwa intaneti, inayohusu wajibu wa kocha, usalama na maadili. Kisha siku moja au mbili uwanjani na kocha mkufunzi. Kisha saa za kufundisha klabuni ukiwa na mlezi, yaani kocha mzoefu anayekuangalia na kukuongoza, na daftari la kuandika ulichopanga na kilichotokea. Kisha mtathmini. Hapa kuna jambo wengi hulichanganya: kuhudhuria kozi si kupata ithibati. Kanada, ambako bolsi imo ndani ya programu ya taifa ya kuwathibitisha makocha ya michezo yote, wanalitenganisha waziwazi. Ukimaliza mafunzo unaitwa kocha aliyefunzwa. Ukishatazamwa ukifanya kazi na kufaulu ndipo unaitwa kocha aliyethibitishwa. Naupenda uwazi huo, kwa sababu unamweleza mzazi na mchezaji wanaongea na nani. Pia ithibati karibu kote ina muda wa kuisha. Utatakiwa kuonyesha kwamba bado unafundisha na bado unajifunza, la sivyo jina lako linaondoka kwenye orodha.

Kuhusu kuchunguzwa rekodi, tafadhali usilichukue kama tusi. Uingereza na Wales wana uchunguzi wa rekodi za jinai uitwao DBS, Uskoti wana mpango wao uitwao PVG, na Australia kila jimbo lina kibali chake cha kufanya kazi na watoto. Hupitia humo mwalimu, muuguzi, dereva wa basi la shule. Hakuna aliyekushuku wewe. Mlango umewekwa kwa ajili ya yule mmoja ambaye hatumjui, na mlango hauwezi kumzuia yeye kama wengine tunaruhusiwa kuuruka. Katika bolsi jambo hili ni zito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uwanja mmoja hukutanisha mtoto wa miaka 11 na mzee wa miaka 80, na wote wawili wanaweza kudhulumiwa na mtu anayeaminika. Na ujue kwamba kibali hicho hakikupi ruhusa ya kukaa peke yako na mtoto wala kumshika mkono bila kumwomba. Mambo hayo yana kanuni zake, na kozi itakueleza.

Kuna na bima. Chama kikikuorodhesha kama kocha mwenye ithibati, mara nyingi bima yake inakufunika unapofundisha. Ukifundisha nje ya utaratibu, mwanafunzi akajikwaa kwenye mtaro wa pembeni akavunjika kiuno, maswali yatakujia wewe na kamati yako. Waulize chama kabla ya kuanza, tena waulize kwa maandishi.

Makaratasi sasa. Umeacha shule mapema, sawa. Nimekaa na watathmini wengi na sijamwona aliyemwangusha mtu kwa mwandiko au tahajia. Kinachotakiwa kwenye daftari ni vitu vifupi: nilikusudia nini leo, tulifanya nini, nini kilikwenda vibaya, wiki ijayo nitabadilisha nini. Mistari minne. Kama kuandika kunakukwaza, mwambie mkufunzi siku ya kwanza, kabla hujaumia. Kozi nyingi zinaruhusu ujibu kwa mdomo, au mtu akuandikie huku ukieleza. Wanaokwama ni wale wanaoona haya wakanyamaza, kisha wakaacha katikati wakisema hawana muda.

Goti lako ni faida iliyojificha, ingawa najua haliumi kidogo. Kocha halazimiki kuonyesha kila kitu kwa mwili wake. Unaweza kumtumia mwanafunzi aliyepata jambo sawasawa, au video fupi ya simu, na wakati mwingine maneno yaliyochaguliwa vizuri yanatosha kabisa. Angalia wanaowaongoza wachezaji wasioona: tufe likisimama humwambia lilipo kwa kufuata uso wa saa, "liko saa 4, sentimita 60 kutoka jeki", na mchezaji anajenga picha nzima kichwani. Jaribu siku moja kufundisha kana kwamba mwanafunzi wako hakuoni, utashangaa maneno yako yatakavyonyooka. Tena kati ya wanaokuja kuanza bolsi wapo wengi wenye magoti kama lako, na wewe utawaelewa kuliko kijana anayekunjika kama unyasi. Kile kifaa kiitwacho mkono, cha kushikia tufe na kuliachia bila kuinama, jifunze kukitumia na kukifundisha, lakini hakikisha aina unayochagua imeidhinishwa na chama cha taifa kwa mashindano.

Umeuliza kama unaweza kuruka daraja la kwanza. Baadhi ya vyama hukubali kuhesabu uzoefu wa nyuma, kwa hiyo pengine mlango upo. Ushauri wangu ni kwamba usiupite. Daraja la pili na kuendelea huzungumzia mipango ya msimu, mbinu za timu, maandalizi ya mashindano, yaani mambo unayoyapenda na ambayo tayari unayo nusu. Daraja la kwanza linazungumzia mtu aliyeshika tufe kwa mara ya kwanza, na huyo ndiye aliyekushinda kwa wiki 6. Ukiruka, utaruka kile kile unachokihitaji. Kama kamati ingekuwa inakuomba uandae timu ya wachezaji wanne kwa ubingwa wa taifa ningekujibu vingine. Wamekuomba upokee wageni.

Sitakuficha udhaifu wa mfumo huu. Siku mbili hazimfanyi mtu kuwa kocha. Wapo watathmini wanaopenda fomu kuliko uwanja, na wapo makocha wenye vyeti vyote ambao hakuna mwanafunzi anayetaka kurudi kwao. Gharama na safari huwazuia watu wazuri, hasa wale wa klabu ndogo, na ninaona vyama havijalishughulikia hilo inavyotakiwa. Ungeniuliza kati ya cheti bila mlezi na mlezi bila cheti, ningekuchagulia mlezi. Bahati nzuri si lazima uchague. Klabu yako haina kocha sasa, lakini jirani yupo. Mwombe umsaidie mwezi mmoja kama msaidizi, ubebe mikeka, upange jeki, umtazame anavyonyamaza. Ukiona baada ya mwezi kwamba hupendi kazi yenyewe, hakuna aibu. Kuna kazi ya mwamuzi wa mechi, kuna uteuzi wa timu, kuna kumshauri mwenzako mkiwa timu moja, jambo ambalo skipa, kiongozi wa timu uwanjani, hulifanya kila siku bila cheti.

Kwa hao wageni nakushauri uanze namna hii. Siku ya kwanza usiweke jeki kabisa. Waache waachie tufe, walione linapinda, walifuate, walirudishe. Waachie tena upande wa pili. Maswali yatakuja yenyewe, na swali lililotoka kwao halihitaji kukaririwa. Wakishazoea, usiwape urefu ule ule mara 20 mfululizo. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walifanya jaribio la watu kuangusha vizuizi vidogo vya mbao kwa mpangilio maalumu. Waliorudiarudia jambo moja kabla ya kwenda la pili walionekana hodari siku ya mazoezi. Waliochanganyiwa walionekana wazito. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wameshika. Kwetu sisi maana yake ni jeki ya mita 24, kisha 32, kisha 28, upande wa kulia kisha wa kushoto. Mazoezi yataonekana mabaya kwa macho ya kamati inayotazama kutoka kwenye baraza. Wavumilie. Ila kwa mtu wa siku mbili za kwanza, kurudia kidogo kunafaa mpaka apate kuisikia tufe mkononi. Usimchanganyie kabla hajawa na cha kuchanganya.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyatatua. Goti lako nenda ukaonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kozi, hasa kama linavimba jioni baada ya kucheza au linakukwama ghafla. Kozi itakusimamisha siku nzima, na kuokota matufe kwa saa 6 si sawa na mchezo mmoja. Ukimpata mwanafunzi ambaye mkono wake unagoma kuachia tufe, anarudi nyuma anakwenda mbele lakini vidole havifunguki, usimtibu kwa maelekezo. Hali hiyo wanaijua wachezaji wa gofu pia, na kadiri unavyomsemesha ndivyo inavyokaza. Mpeleke kwa kocha wa daraja la juu amwone ana kwa ana, na kama inamfuata hata nje ya uwanja, kwa daktari. Na mtoto akikwambia jambo linalokutia wasiwasi, usimhoji wala usianze upelelezi. Msikilize, usimwahidi siri, andika alivyosema, mpe taarifa mhusika wa ulinzi wa watoto katika chama siku hiyo hiyo. Kukiwa na hatari ya wakati ule ule, ita polisi.

Mtathmini akija, kumbuka kwamba amekuja kuhesabu vijistari. Vijaze.

Na ukipata mlezi, ukaanza saa zako za uangalizi, nenda kamtafute yule mama. Usimwambie umejifunza mbinu mpya. Mwambie unasomea ukocha na unaomba akusaidie kwa kuwa mwanafunzi wako wa kwanza. Akija, mpe tufe linalomwenea mkononi, simama nyuma ya mkeka, tazama viatu vyake, na mwache aachie matufe yote manne kabla hujafungua mdomo.